Duara Jekundu Kwenye Kifua cha Kukhu

Hadithi hii inanifanya nionekane mjinga, na nisikudanganye, nilikuwa mjinga kweli. Lakini nikisikia harufu ya waya ukichomelewa, ile harufu kali inayokwama puani kama moshi uliochanganyika na chuma, narudi palepale kwa kibanda cha baba, Kakamega mjini, miaka ya tisini, mwezi wa tatu, mvua ya kupanda ikianza kupiga mabati. Baba alikuwa fundi wa redio. Kibanda chenyewe kilikuwa kidogo hivi kwamba mteja akiingia, mimi natoka. Redio zilijaa ukutani, nyingine hazina mgongo, matumbo yako nje, na kila moja ilikuwa na karatasi yenye jina la mwenyewe, limeandikwa na kalamu nyekundu ya wino mzito. Baba alizoea kuongea nazo kama daktari. "Haya mama, leo unaumwa wapi?" Akiniona nimekaa bure, alininyooshea bisibisi na kuniambia kwamba hata sasa hivi, hapo nilipo, sauti za Nairobi na Kampala zinapita katikati ya kichwa changu, tena bila kubisha hodi. "Na vile huko ndani hakuna kitu," aliongeza, "zinapita mbio."

Kwa baba ndipo nilijua kwamba mawimbi ni ukoo mmoja, ni vile tu kila mmoja ana kazi yake. Mwangaza wa tochi ni wa ukoo huo. Joto la makaa linalokufikia mkononi kabla hujagusa jiko, huyo ni ndugu yake. Yale yanayoleta habari kwa redio ni ndugu, na yale yanayoleta picha kwa runinga ni ndugu pia. Hao wa runinga niliwajua vizuri sana, kwa sababu jirani yetu hapo mtaani Amalemba alikuwa na runinga moja iliyojaa chengachenga kama mvua kwenye kioo, na mimi ndiye nilipandishwa juu ya mabati kushika eriali. Nilikuwa nazungusha kile chuma huku watu wazima wananipigia kelele kutoka ndani: "Bado! Geuza upande wa Mumias! Hapo hapo! Usipumue!" Nilikaa huko juu mpaka taarifa ikaisha, sijaona hata uso wa msomaji. Lakini nikishuka nilikuwa na maneno. Darasa la saba niliitwa Profesa, na si kwa sababu ya alama, alama zangu mwalimu alizisoma kwa sauti ya chini. Ni kwa sababu ya mdomo. Hakuna kitu ungeniuliza nikasema sijui.

Basi mwezi huo Kukhu, mama yake baba, akaja kwetu kutoka Chekalini. Kukhu kwetu ni nyanya, na huyu wangu alikuwa mtu wa kucheka. Alicheka na mwili mzima, anajipiga paja, anashika mtu aliye karibu ili asianguke. Mimi nilikuwa naishi kwa kile kicheko. Nilikuwa nikipanga stori zangu siku nzima nikijua jioni nitazipeleka wapi. Lakini safari hii alipocheka, kicheko kilifika katikati kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha. Aliinama, akafunga mdomo na kitambaa, mabega yanaruka, halafu akakunja kile kitambaa haraka kabla mtu hajakiangalia. Alikuwa amekonda mpaka gauni lake la kanisani lilimkaa kama limeanikwa. Usiku alitoa jasho na shuka zikalowa. Na bado hakuongea mambo ya ugonjwa, aliongea mambo ya shamba. Shamba lilikuwa limelimwa tayari, mbegu iko kwa gunia, mvua imeanza. Hajawahi kukosa kupanda tangu aolewe. "Wanipe dawa haraka nirudi," alikuwa akisema. "Ardhi hainingojei."

Siku ya hospitali, baba alikuwa na redio za watu, na mama alikuwa amejifungua juzi tu. Kukhu alijua Kiluhya peke yake. Nikapewa ruhusa shuleni niende kuwa mdomo wake. Nilifurahi kama mtu ameteuliwa waziri. Daktari alimsikiliza mgongoni, akaandika karatasi, akatutuma kwa chumba cha eksirei. Yule mtu wa mashine alikuwa ametoka upande wa pwani, Kiswahili chake kilikuwa kama cha redioni, mpaka mimi mwenyewe mtafsiri nilikuwa nahitaji mtafsiri. Chumba kilikuwa na giza na baridi ya simenti. Alimwambia Kukhu atoe shanga shingoni, ashike kiuno, aweke kifua kwa bamba la mashine. Nikatafsiri. Kukhu alipogusa lile bamba alishtuka, akanirudishia uso. Sikuwa nimewahi kumwona mtu mzima akiogopa hivyo. Akaniuliza kwa Kiluhya, polepole, kama mtoto: "Mjukuu, hiki kitu kinanifanya nini?"

Sasa hapo ndipo ningesema sijui. Au ningemuuliza yule mtu wa mashine, alikuwa pale mbele yangu. Lakini Profesa haulizi. Nikafikiria ule ukoo wa baba, nikafikiria jua na mahindi, nikasema: "Kinachoma ugonjwa, Kukhu. Kama vile jua linatoa unyevu kwa mahindi yako. Ukisikia kimelia, ujue umekauka." Macho yake yakatulia. Akaweka kifua, akashika pumzi, mashine ikalia. Alipoachia bamba alijishika mbavu, akapumua, akasema, "Kweli, nimesikia joto." Hakukuwa na joto lolote. Lakini alitabasamu, na mimi nikajiona mtu wa maana sana.

Tulingoja kwenye benchi mpaka tukapewa bahasha kubwa ya kaki. Yule mtu akaniambia, "Mwambie bibi arudi Alhamisi na hii bahasha, daktari aisome, ndipo apewe dawa." Nikamwambia Kukhu Alhamisi, hiyo nilisema. Akaniuliza, "Narudi kufanya nini na nimeshachomwa?" Ningeweza kurekebisha hapo. Nilikuwa na nafasi kubwa kama mlango wa kanisa. Lakini ningerekebisha vipi bila kusema kwamba nilikuwa nimetunga? Nikasema, "Kurudi ni kwa wale haijawachoma vizuri." Akapiga makofi, akamshukuru Mungu kwa sauti katikati ya wagonjwa. Jioni alimwambia baba amepona. Baba akaacha kula. Akaniangalia, akauliza, "Daktari alisema hivyo?" Nikasema, "Eeh." Neno lenyewe ni dogo hivyo. Nimesema uongo mrefu maishani, wa kurasa nzima, lakini ule mfupi ndio bado unanikumba.

Na sikuishia hapo. Kesho yake nilitoa ile eksirei kwa bahasha nikaibandika dirishani, jua likapita. Majirani wakaja. Mbavu za Kukhu zilionekana zote, na kati yake weusi, na juu upande wa kulia palikuwa na kitu cheupe kama wingu dogo. Mtu akauliza hapo peupe ni nini. Mimi nilijua nyeupe ni safi. Shati jeupe ni safi, jino jeupe ni safi, hata kwa wimbo wa kanisa roho safi ni nyeupe. Nikachukua kalamu nyekundu ya baba, ile ya majina, nikachora duara kuzunguka lile wingu. "Hapa ndipo mashine ilichoma," nikasema. "Huku kweusi kumebaki kidogo tu, kutajiosha." Mama mmoja akauliza kama naye anaweza kwenda kuchomwa goti. Nikamwambia ajaribu. Kukhu alisimama kando ya dirisha amefunga kilemba kipya, anaangalia ndani yake mwenyewe kama mtu anayeangalia shamba lililopaliliwa. Jumatano asubuhi akachukua bahasha yake akaenda Chekalini kupanda.

Zikapita wiki tatu. Nilikuwa nimeshasahau, kusema kweli. Halafu siku moja Mwalimu Andayi, aliyetufundisha sayansi, akaingia na eksirei ya kifua chake mwenyewe. Alikuwa ameumwa zamani, akaihifadhi ya kufundishia mapafu. Akaiinua dirishani. Akasema eksirei ni mawimbi kama mwangaza, ila yenyewe yanapenya nyama. Yanapita kwa mapafu bila kizuizi kwa sababu mna hewa, na yanapopita, filamu inakuwa nyeusi. Mfupa unayazuia, panabaki peupe. "Kwa hivyo mapafu mazima yanatakiwa kuwa meusi. Mkiona doa jeupe mahali pa hewa, jueni hapo kuna kitu." Nikainua mkono. Darasa likaanza kucheka hata kabla sijafungua mdomo, walijua Profesa ana jambo. Nikauliza, "Mwalimu, na hilo doa, si mashine inalichoma?" Wakacheka mpaka madawati yakalia. Mwalimu akangoja wanyamaze. Akasema, "Hapana, Barasa. Mashine inaona tu. Haitibu mtu." Nilikaa chini. Nilikuwa naona lile duara langu jekundu, nadhifu kabisa, nimelizungusha na mkono usiotetemeka.

Sikungoja kengele ya kwenda nyumbani. Nilikimbia mpaka kibandani. Baba alikuwa anachomelea waya, ile harufu imejaa, na mimi nikasimama mlangoni nikasema yote bila kuvuta pumzi: jua na mahindi, Alhamisi, duara, eeh. Nilitarajia kofi. Baba alichomoa chuma cha kuchomelea kutoka kwa umeme, akakiweka chini, akautazama moshi wake mpaka ukaisha. Kichapo kingekuwa rahisi. Halafu akasema, "Ni mama yangu, Barasa." Akaongeza: "Kesho tunaenda Chekalini. Wewe ndiye ulisema, na wewe ndiye utasema tena. Mimi sitafungua mdomo."

Tulimkuta kando ya shamba, amekaa juu ya gunia tupu. Wanawake wanne wa jirani walikuwa wanapanda sehemu iliyobaki, yeye anaonyesha kwa kidole. Hakuwa anashika jembe tena. Shingo ilikuwa imebaki mishipa. Aliponiona alinyanyua mikono yote miwili. "Profesa wangu amekuja! Mulembe, mulembe! Nipe stori." Dirishani kwa nyumba yake, kupitia mlango, niliiona eksirei imening'inia na uzi, duara langu likiwaka na jua. Baba akasimama mbali, akaangalia mahindi ya mtu mwingine.

"Kukhu, ile mashine haikukuchoma," nikasema. "Nilikudanganya."

Alicheka. Alidhani ndiyo stori yenyewe. Alijipiga paja, akanishika mkono asianguke, kisha kikohozi kikamchukua. Wanawake wakaacha kupanda. Safari hii hakuwahi kukunja kitambaa haraka, nami nikaiona damu. Alipopata pumzi akasema, bado na tabasamu, "Endelea. Kisha?" Nikaanza kulia. Nikarudia kwamba hakuna mzaha. Mmoja wa wale wanawake akasema, "Huyu mtoto anachezeanga watu, usimsikilize. Si ni yeye mwenyewe alichora mahali umepona?" Kukhu akasema, kwa upole, kwamba alilisikia joto la mashine kifuani, na mimi sikuwa ndani ya kifua chake. Hapo nikaona nimejenga kitu ambacho siwezi kukibomoa. Siku ya uongo aliniamini kwa neno moja. Siku ya ukweli nilikuwa natafuta maneno mpaka chini ya kucha.

Redio ndiyo iliniokoa. Ilikuwa ndani ya nyumba, ile ambayo baba alimtengenezea, inaongea peke yake. Mara saa ya matangazo ya vifo ikafika, na Kukhu, kama kawaida yake, akamtuma mtu akaipunguze sauti na kuifunika. Hakupenda kuyasikia. Alikuwa na kitambaa maalum cha kuifunika saa hiyo. Nikamshika mkono nikampeleka ndani. Ukuta wake wa udongo ulikuwa na ufa tangu mvua ya mwaka uliotangulia, mkono wangu ungeingia. Nikamwambia, "Kukhu, hiyo sauti inatoka mbali, inapita kwa ukuta huu kila siku, asubuhi mpaka jioni. Si ndiyo?" Akasema ndiyo, mwanawe alimwambia. "Imewahi kuziba huo ufa?" Akaangalia ufa. "Hata siku moja imewahi kukukandikia ukuta?" Nikaendelea, "Basi ile ya hospitali ni ndugu yake. Inapita kwa mwili, inaleta habari za ndani. Inaleta habari tu. Hapo nilipochora ndipo ufa ulipo, Kukhu. Mimi niliwaambia watu ni ukuta mzima."

Alikaa kitandani. Baba alikuwa amefika mlangoni. Kukhu aliangalia redio chini ya kitambaa chake, akaangalia dirisha. "Kumbe nimezifunika habari zangu mwenyewe," akasema. Kisha akamwambia baba amletee lile gauni la kanisani. Alipokuwa akivaa aliwaita wale wanawake akawaonyesha mahali mistari ya mahindi ingemalizikia, kwa sauti ya mtu anayejua hatakuwepo wakati wa palizi.

Hospitalini, daktari aliiweka eksirei juu ya kisanduku chenye taa. Akasogea karibu, akarudi nyuma. "Nani alichora hapa?" Nikasema ni mimi. Nilidhani atanitupa nje. Akagusa lile duara na ncha ya kalamu yake, akasema, "Umechora mahali penyewe kabisa." Hakunikaripia. Alimgeukia baba, akasema ni kifua kikuu, kinatibika, ila kimepewa wiki tatu za bure na kimezitumia.

Kukhu alikaa kwetu miezi mingi. Sindano kwanza, kila siku, mpaka akawa anakaa upande mmoja, halafu vidonge vikubwa vilivyogeuza mkojo wake rangi ya Fanta. Kila asubuhi kabla ya shule nilimpelekea maji na kungoja ameze, nami sikusema neno. Sikuwa nimekatazwa. Mdomo ulikuwa umejifunga wenyewe. Chekalini mahindi yake yalipaliliwa na wengine na kuvunwa na wengine, na aliponyanyua yale machache tuliyoletewa aliyanusa tu akayaweka chini. Mwishoni alipigwa eksirei nyingine. Wingu lilikuwa limeondoka, palibaki kovu, na daktari alisema lile pafu halitarudi kuwa lilivyokuwa. Ni kweli. Aliishi miaka mingine kumi na zaidi, lakini hakupanda shamba peke yake tena, na kile kicheko chake cha mwili mzima kilikuwa kifupi, kinaishia njiani kama mtu aliyekumbuka jambo.

Siku hizi kibanda cha baba ni changu. Redio zimebaki mbili tatu, mimi natengeneza simu. Mawimbi yamejaa hewani kuliko wakati ule, sasa nadhani yanakanyagana. Chakula kinapashwa joto kwa kisanduku bila moto. Juzi binti yangu aliteguka mguu, na kabla sijafika hospitali eksirei yake ilikuwa kwa simu yangu, mfupa wote, nikiwa nimesimama mtaani Shieywe naagiza mahindi ya kuchoma. Nikaangalia, nikaona peupe na peusi, na kidole kikaanza kusogea kama kinataka kuchora. Nikakirudisha mfukoni. Nikampigia daktari simu nikamwambia, "Mimi sijui kuisoma. Nisomee." Ilinichukua miaka hiyo yote kujifunza hilo neno, sijui, na bado likitoka linanikwaruza koo.

Zile eksirei mbili za Kukhu ninazo, moja ina duara na nyingine haina. Alinipa mwenyewe, siku anarudi Chekalini. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja kibandani kwa baba, bahasha mapajani, mimi nimesimama nje kwa sababu hapakuwa na nafasi. Akaniita niiname. Nilijua hatimaye atanigombeza, na nilikuwa nimelingoja hilo kwa miezi. Akanishika sikio, bila kulivuta.

"Wewe unajua kuchekesha," akaniambia. "Ulinipa wiki tatu za furaha, sitasema sikuzipata. Lakini siku nyingine nikikuuliza kitu na unaona naogopa, usinitoe hofu kwa uongo. Niambie hujui, kisha unishike mkono, tuogope pamoja."